Petroli au dizeli kwa gari la familia lenye mbio: anza na safari zako, si na bei ya pampu

Mtu aliyeendesha Subaru Impreza kwa miaka kadhaa, kisha akapata mtoto wa pili, huwa hatafuti gari kubwa tu. Anataka buti litakalomeza kigari cha mtoto na gunia la viazi kutoka kijijini, lakini bado anataka gari linaloitika akikanyaga mafuta. Katika soko la magari ya mitumba yanayoshushwa Mombasa kutoka Japani, utafutaji huo humfikisha upesi kwenye majina machache. Upande wa petroli kuna Subaru Levorg na Forester XT. Upande wa dizeli kuna Mazda Atenza wagoni na CX-5, zote mbili zikiwa na injini ileile ya lita 2.2.

Akiomba ushauri, atapata majibu mawili yanayopingana, na kila anayejibu ana uhakika. Mmoja atamwambia achukue dizeli kwa sababu inakunywa kidogo na inavuta sana. Mwingine atamwambia aikimbie, kwamba dizeli za Mazda zimejaa gereji za Nairobi zikisubiri kufunguliwa. Wote wawili wamesema kweli, ila wanazungumzia wenye magari tofauti. Baada ya kulifuatilia jambo hili kwa muda, naamini tunapotea pale tunapoanza kwa kulinganisha bei za pampu. La kuanza nalo ni safari: gari linakwenda umbali gani kila linapowashwa, na je, injini inapata muda wa kushika moto na kubaki nao?

Ili kuona kwa nini hilo lina uzito wote huo, inabidi tuingie ndani ya injini kidogo.

Mafuta yanavyowaka

Injini ya petroli huvuta hewa, huichanganya na mafuta, huubana mchanganyiko huo takriban mara kumi, kisha plagi hutoa cheche. Dizeli haina plagi ya cheche. Hubana hewa peke yake kwa nguvu kubwa zaidi hadi hewa yenyewe inashika joto kali, halafu mafuta yananyunyizwa humo na kuwaka bila kuwashwa na kitu kingine. Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani, aliifanikisha injini ya namna hii mjini Augsburg mwaka 1897, na msingi wake haujabadilika.

Faida ya mafuta inatoka hapo. Kadiri unavyobana zaidi kabla ya kuwasha, ndivyo unavyovuna kazi nyingi kutoka kwenye moto uleule. Isitoshe, injini ya petroli hudhibitiwa kwa kubana njia ya hewa, hivyo ukienda polepole inatumia sehemu ya nguvu zake kuvuta hewa kupitia mlango uliofungwa nusu. Dizeli huiacha hewa iingie kwa uhuru, ikadhibiti mafuta tu. Ndiyo maana tofauti ya unywaji huonekana sana kwenye mwendo wa pole na msongamano, yaani hali ambayo wengi wetu tunaishi nayo.

Kuna jambo la tatu ambalo husahaulika. Lita ya dizeli ni nzito kuliko lita ya petroli, na ina nishati zaidi yake kwa zaidi ya asilimia 10. Kwa hiyo sehemu ya zile kilomita za ziada kwa lita hazitokani na ustadi wa injini, bali na lita yenyewe. Hewa nayo haidanganyiki: lita ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksaidi, na ya petroli kilo 2.3. Anayejisifu kwamba gari lake la dizeli linachafua nusu ya la jirani amepiga hesabu vibaya.

Udhaifu wa dizeli unatoka palepale penye faida yake. Mafuta huingia kama matone madogo sana kwenye hewa ya moto, na katikati ya tone hewa haitoshi. Pasipo hewa ya kutosha, moto hutoa masizi, kama kandili iliyopandishwa utambi inavyoitia weusi glasi yake. Petroli ya kisasa nayo hutoa masizi kiasi, hasa inayonyunyiziwa moja kwa moja ndani ya silinda, lakini kwa dizeli masizi ni sehemu ya maisha ya kila siku, na gari zima limeundwa kuyashughulikia. Tutayarudia.

Nguvu zilezile, mvuto tofauti

Kwa anayependa kuendesha, ulinganisho mzuri kuliko wote uko kati ya Levorg ya lita 1.6 na Atenza ya dizeli ya lita 2.2 ile ya kwanza. Karatasi inasema Levorg ina nguvu za farasi 170, Atenza 175. Ukisoma hapo tu utadhani ni magari pacha. Lakini msokoto, yaani nguvu ya kusokota shafti ya injini, inayopimwa kwa Nm, ni 250 kwa Levorg na 420 kwa Atenza.

Maana yake barabarani inaweza kuhesabiwa, kwa sababu nguvu za farasi ni msokoto ukizidishwa kwa kasi ya mzunguko. Injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, mahali inapokaa muda mwingi ukiwa barabara kuu, Atenza inaweza kutoa karibu farasi 120. Levorg kwenye mizunguko hiyohiyo inatoa kama 71. Ili Levorg iwafikie hao 120 ni lazima mizunguko ipande mpaka karibu 3,400. Haitashindwa, kwa sababu giaboksi yake ya CVT, isiyo na gia za hatua, hupandisha mizunguko mara moja, lakini utausikia mlio na utasubiri kidogo. Dizeli inakusukuma mgongo kabla hujamaliza kukanyaga.

Sasa weka gari hilo kwenye mteremko wa Mai Mahiu ukiwa unaupanda, watoto nyuma, mizigo kwenye buti, mbele lori la mahindi linakokota moshi. Nafasi ya kulipita ni fupi. Hapo msokoto wa chini si jambo la kujivunia tu, ni usalama. Kwa kazi hiyo mahususi, dizeli ya turbo (pampu inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) ni bora, na sioni sababu ya kuzungukazunguka kulisema.

Lakini mbio hazimo kwenye kupita malori tu. Dizeli ile inamaliza pumzi karibu mizunguko 4,500, wakati petroli inaendelea kupanda kwa hamu hadi 6,000 na ushee. Kichwa cha injini ya dizeli na vyuma vyake ni vizito, na uzito huo unakaa juu ya magurudumu ya mbele, hivyo kwenye kona za Limuru unauhisi. Levorg ina injini bapa iliyolala chini, na magurudumu yote manne yanavuta. Anayependa kona, anayependa kusikia injini ikiimba, atarudi nyumbani na tabasamu pana zaidi akiwa na petroli. Anayependa kula barabara ndefu bila jasho atalipata hilo kwenye dizeli.

Kuna kitu ambacho watu wa nyanda za juu wanapaswa kukipa uzito kuliko hata aina ya mafuta, nacho ni turbo. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu ilizokuwa nazo Mombasa. Ukifika Timboroa, kwenye mita 2,700 na zaidi, imepoteza karibu robo. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kusukuma hewa ndani. Kwa hiyo mtu anayelinganisha CX-5 ya petroli isiyo na turbo na CX-5 ya dizeli yenye turbo mbili, kisha akahitimisha kwamba petroli ni dhaifu, amelinganisha turbo na kutokuwa na turbo. Dizeli ilinganishwe na Levorg au Forester XT, petroli zenye turbo kama yenyewe.

Magari haya yalijengwa kwa ajili ya nani

Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi wa habari akatikisa chupa yenye masizi ya dizeli. Ilikuwa kampeni dhidi ya moshi wa malori, na mwaka 2003 Tokyo na majimbo jirani walianza kuyazuia malori na mabasi machafu ya dizeli yasiingie. Magari madogo ya dizeli yakawa karibu yametoweka kwenye maduka ya Japani. Yalirudi taratibu, Nissan X-Trail ikiwa miongoni mwa yaliyotangulia mwaka 2008, na kurejea kwa kishindo kukaja na CX-5 mwaka 2012.

Historia hiyo inatugusa kwa namna mbili. Kwanza, dizeli ndogo ya Japani tunayoagiza leo si ndugu wa ile ya Hilux ya zamani ambayo mzee wako aliifanyia kazi miaka 20 kwa oili yoyote na mafuta yoyote. Ni mashine iliyozaliwa ndani ya sheria kali za moshi, yenye nozeli (vinyunyizio vya mafuta) zinazofanya kazi kwa shinikizo la karibu baa 2,000, vali ya kurudisha moshi na kichujio cha masizi. Ile sifa ya kwamba "dizeli haifi" ilichumwa na injini za aina nyingine kabisa.

Pili, Mjapani aliyeinunua alikuwa na sababu ambayo haikusafiri na meli. Kwa miaka mingi kodi ya dizeli Japani ilikuwa yen 32.1 kwa lita, ya petroli yen 53.8. Kila akijaza tangi, alikuwa ameokoa kabla hata ya kuondoka kituoni. Kwetu pengo hilo halina uhakika. EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hutangaza bei za Kenya tarehe 14 ya kila mwezi na EWURA, mwenzake wa Tanzania, hutangaza za huko Jumatano ya kwanza, na wanaofuatilia wanajua bei ya dizeli hushuka na kupanda kuliko inavyotarajiwa. Baada ya vita vya Ukraine kuanza mwaka 2022, dizeli duniani ilipanda kuliko petroli, na mwaka 2023 kulikuwa na miezi ambayo dizeli jijini Dar es Salaam iliuzwa ghali kuliko petroli. Anayenunua gari la kukaa nalo miaka sita asijenge hesabu juu ya bei ya mwezi huu.

Kichujio cha masizi

Hapa ndipo jambo lote linapoamuliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mafundi wanakiita DPF. Ni kopo kwenye mfumo wa ekzosi, ndani yake kuna vijia vyembamba vya kauri vinavyozuia masizi yasitoke nje. Masizi yakijaa, ni lazima yachomwe, na yanahitaji joto la karibu nyuzi 600. Kwenye barabara kuu, gari likiwa na mzigo na mwendo usiokatika, joto hilo linafikika kwa urahisi. Kwenye foleni halifikiki. Kompyuta ya gari ikiona kichujio kinajaa, inanyunyiza mafuta ya ziada kwa kuchelewa ndani ya silinda ili yakaungulie kwenye ekzosi na kupandisha joto. Zoezi hilo hurudiwa kila baada ya kilomita mia kadhaa, na linahitaji kama dakika 15 au 20 za mwendo wa mfululizo.

Fikiria sasa mzazi anayetoka Kileleshwa, anashusha mtoto shule Lavington, anaenda ofisini Upper Hill, jioni anarudi hivyohivyo. Kila kipande cha safari ni kilomita nne au tano, nusu yake gari likiwa limesimama. Injini haijapata moto vizuri, inazimwa. Kompyuta inaanza kuchoma masizi, inazimwa katikati. Kesho inaanza tena, inazimwa tena. Yale mafuta ya ziada ambayo hayakuungua huteleza kwenye kuta za silinda na kushukia kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi, na kipimo chake kinapanda badala ya kushuka. Mazda walilijua hilo tangu mwanzo, ndiyo maana kijiti cha kupimia oili cha dizeli zao kina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikiikaribia X, imwage, hata kama kilomita za sevisi hazijafika. Wenye magari wengi hawajawahi kuambiwa. Wanaona oili imejaa, wanafurahi kwamba injini hailambi.

Oili iliyopunguzwa nguvu na dizeli hailindi turbo wala vyuma vya ndani. Wakati huohuo vali ya kurudisha moshi inapeleka masizi kwenye njia ya kuingizia hewa, yanakutana na mvuke wa oili, yanashikana na kuta kama lami na kupunguza upana wa njia. Hewa ikipungua, moto unazidi kuwa mchafu, masizi yanaongezeka, kichujio kinajaa haraka zaidi. Mzunguko huo ukishaanza hausimami wenyewe. Mazda waliwahi kuyaita baadhi ya magari haya kwa marekebisho hukohuko Japani kwa matatizo yaliyohusu masizi, kwa hiyo si jambo lililoletwa na mafundi wetu au barabara zetu peke yake.

Gari hilohilo mpe mtu anayekaa Nakuru na kufanya kazi Nairobi siku tatu kwa wiki. Kila anapopanda na kushuka, kichujio kinajichoma bila yeye kujua. Atakuambia hajawahi kuona taa ya DPF. Atakuwa anasema kweli, na atashangaa wengine wanalia nini.

Kuna masizi, halafu kuna majivu. Masizi yanaungua, majivu hayaungui. Majivu yanatokana na viungo vya oili ya injini, na yakishaingia kwenye kichujio yanabaki humo mpaka kitolewe na kusafishwa. Ndiyo sababu injini hizi zinadai oili yenye majivu kidogo, iliyoandikwa ACEA C3 au DL-1 kwenye mkebe. Oili nzuri ya lori, hata ikiwa ya kampuni kubwa na bei ya juu, inaweza kukijaza kichujio kabla ya wakati. Soma mkebe mwenyewe. Usimwachie muuzaji akwambie "hii ni ya dizeli zote".

Mafuta yenyewe, na fundi wako

Nchi za Afrika Mashariki zilishusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwanzoni mwa 2015, na hatua hiyo ndiyo iliyowezesha magari haya kuishi kwetu hata kidogo. Lakini kiwango cha bandarini si lazima kiwe kilichomo kwenye tangi lako. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni tatizo la zamani, hata Kenya ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua faida ya wachanganyaji. Pampu ya shinikizo kwenye injini hizi inalainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni makavu. Yanaisaga pampu, na vumbi la chuma linalotoka humo linakwenda moja kwa moja kwenye nozeli zenye matundu membamba kuliko sindano. Nozeli moja mpya halisi ni makumi ya elfu ya shilingi za Kenya, na zipo nne.

Petroli nayo huchakachuliwa, lakini injini yake huvumilia zaidi. Ina udhaifu wake mwingine. Levorg na Forester XT hunyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingizia hewa hazioshwi na petroli kama zamani, na kwa miaka hujenga kaboni inayohitaji kusafishwa. Turbo yake inataka oili safi ya sintetiki kwa wakati. Giaboksi ya CVT inataka mafuta yake halisi, na usikubali kuambiwa kwamba mafuta hayo ni ya maisha yote ya gari. Forester XT na Levorg ya lita 2.0 ziliundwa kwa petroli ya daraja la juu, wakati Levorg ya 1.6 iliundwa kwa petroli ya kawaida ya Japani, na kwa familia inayosafiri hadi miji midogo hilo ni pumziko kubwa.

Tofauti ninayoiona kwenye gereji ni hii: matatizo ya petroli ya turbo huja polepole na fundi wa kawaida mwenye bidii anaweza kuyashika. Ya dizeli ya kisasa yanahitaji mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari na anayeelewa anachokisoma. Kama mji wako hauna fundi huyo, hilo peke yake linatosha kukuelekeza kwenye petroli.

Hesabu

Nitumie bei zinazokaribia za Nairobi za mwaka 2025: petroli shilingi 185, dizeli 172. Kilomita kwa lita nimezikadiria kwa gari lililo na afya.

Familia ya Kileleshwa inatembea kama kilomita 8,000 kwa mwaka, zote mjini. Petroli ya turbo ikienda kilomita 8 kwa lita, itakunywa lita 1,000, yaani shilingi 185,000. Dizeli ikienda kilomita 10 kwa lita, itakunywa lita 800, shilingi 137,600. Imeokoa shilingi 47,400. Lakini toa humo oili inayomwagwa mapema, toa kupelekwa kwa fundi kuchomewa masizi kwa mashine, na weka akiba ya siku ya nozeli au kusafisha njia ya hewa. Nozeli moja inaweza kumeza akiba ya mwaka mzima.

Familia ya Nakuru inatembea kilomita 25,000, nyingi zikiwa za barabara kuu. Petroli kwa kilomita 12 kwa lita ni kama shilingi 385,000. Dizeli kwa kilomita 15 ni kama 287,000. Wameokoa karibu shilingi 98,000 kila mwaka, na kwa kuwa kichujio chao kinajisafisha, sehemu kubwa ya pesa hizo inabaki mfukoni. Hapo dizeli inajilipa waziwazi, bei ikipanda au ikishuka.

Wapo watakaouliza kuhusu haibridi. Kwa matumizi ya familia ya Kileleshwa, haibridi nzuri inazishinda zote mbili kwa mafuta, na anayetanguliza akiba aende huko. Aliyeanza kutafuta kwa sababu anapenda kuendesha aijaribu kwanza barabarani kabla ya kutoa hundi.

Msiziondoe DPF

Kuna suluhisho linalouzwa kwenye gereji nyingi: kufungua kopo, kutoboa kauri iliyo ndani, kulirudisha likiwa tupu, kisha kuidanganya kompyuta isiwashe taa. Gari linapata nguvu, taa inazimika, mwenye gari anashukuru. Nalisema hili kwa uzito wote: ni kitendo kibaya. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Kichujio kile ndicho kinachosimama kati ya moshi huo na mapafu ya watoto wanaosubiri basi la shule kando ya barabara, pamoja na watoto waliomo kwenye gari la nyuma yako lenye vioo vilivyofunguliwa. Kama njia pekee ya kuishi na dizeli yako ni kuitoboa, basi ulinunua gari lisilofaa safari zako. Liuze kwa mtu wa Nakuru likiwa zima, uchukue petroli.

Hilo pia linakusaidia wewe mnunuzi. Kichujio kikiwa kizima, ncha ya bomba la ekzosi huwa karibu safi. Pitisha kidole ndani yake gari likiwa limepoa. Kikitoka cheusi tititi, kichujio kimepasuka au kimeondolewa, na aliyekiondoa hakuishia hapo tu. Kisha vuta kijiti cha oili uone kama kimekaribia X, na unuse kama kina harufu ya dizeli. Mwambie fundi mwenye mashine asome kiwango cha masizi na tofauti ya shinikizo mbele na nyuma ya kichujio, na ni mara ngapi gari limejaribu kujichoma likakatizwa. Gari lililotoka moja kwa moja mnadani Japani nalo lisikupumbaze kwa maileji ndogo. Kilomita 35,000 kwa miaka saba ni gari la kupeleka watoto shule Osaka, na kwa dizeli hiyo ni historia mbaya kuliko kilomita 110,000 za barabara kuu. Kwa kuwa Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, wengi hukimbilia maileji ndogo kama kigezo cha kwanza. Kwa petroli sawa. Kwa dizeli ningechukua lile lenye kilomita nyingi na kumbukumbu za sevisi.

Upande wa kodi hautaamua chochote kwa magari haya. Ushuru wa juu wa Kenya huanzia injini zinazozidi cc 2,500 kwa dizeli na 3,000 kwa petroli, na zote tulizozitaja ziko chini ya hapo.

Maoni yangu, basi. Anayeishi na kufanya kazi ndani ya Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, achukue petroli ya turbo, na kwa wengi Levorg ya 1.6 inatosha kabisa. Anayekula barabara kuu kila wiki, mwenye fundi anayemwamini na kituo cha mafuta anachokijua, achukue Atenza ya dizeli bila hofu, atafurahi nayo miaka mingi. Linalobaki ni kundi la katikati, na ndilo kubwa: wanaozunguka mjini siku zote, lakini kila mwisho wa mwezi wanakwenda Kisumu au Nyeri. Hao husema safari hiyo moja itasafisha kichujio. Haitoshi. Kichujio hujaa ndani ya kilomita mia kadhaa, na kufikia mwisho wa mwezi kompyuta imeshajaribu kujichoma na kukatizwa mara nyingi, na dizeli imeshaingia kwenye oili. Kama wako tayari kuliingiza gari Southern Bypass au Thika Road asubuhi na mapema kila wiki, dakika 30 bila kusimama, inawezekana. Kama hawako tayari, na wengi wenye watoto wadogo hawatakuwa, wachukue petroli.